Mlima wa Kwenda na Kurudi

   

Mwezi uliopita watu wengi walituuliza swali moja. Wengine walituuliza kwenye foleni ya maji, wengine mlangoni mwa shule, na mama mmoja alitusimamisha njiani hata na mzigo wake wa kuni kichwani. "Mwalimu, ile siku ya posho mulienda kufanya nini kule juu na imbwa?" Walituona tunapita. Hatukubeba jembe, hatukubeba panga wala kamba ya kuni. Tulikuwa watu watatu na mbwa mmoja, tunapanda. Hapa Nakivale mtu hapandi mlima bure. Basi maneno yakaanza kutembea: kwamba tulienda kumuua mbwa, kwamba tulienda kumuuza, kwamba mwalimu amechanganyikiwa kichwa. Tumeona ni heri tuandike yote hapa mara moja, kuliko kujibu kila mtu nusu nusu.

Kwanza tujitambulishe vizuri. Tuko watoto watatu. Wakubwa wawili tulizaliwa Kongo, upande wa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Wa kwanza alikuwa na miaka tisa na wa pili miaka saba, vita vilipofika kwetu mwezi wa kumi mwaka 2008. Wa kwanza huyo ndiye mwalimu wa kujitolea wa darasa la nne ambaye watoto wenu wanamjua. Wa tatu ni msichana, alizaliwa hapa hapa kambini mwaka 2012. Kwa hiyo tunaposema "sisi" humu, mara nyingine ni sisi watatu, na mara nyingine ni sisi wakubwa wawili tu, kwa sababu kuna mambo ambayo wawili tuliyaona na mdogo wetu hakuyaona.

Mbwa alikuja kwa mkono wa huyo mdogo wetu. Ni miaka miwili sasa. Alirudi kutoka shambani na kikapu cha mihogo, na juu ya mihogo kulikuwa na mtoto wa mbwa, amekonda, tumbo limevimba kwa minyoo. Mama alipiga makofi akacheka. Baba hakucheka. Alimtazama kidogo tu, akasema: "Tuone kama itapona." Akapona, na jina likabaki hilo hilo, Tuone. Wazee wa kwetu wanajua kwamba kumpa mbwa jina la maneno si jambo geni.

Lakini Baba hakumgusa mbwa huyo hata siku moja. Mbwa akilala mlangoni, Baba anazunguka. Akimkaribia wakati wa kula, Baba anahamisha kiti. Mdogo wetu alifikiri Baba anachukia mbwa. Sisi wakubwa wawili tulijua ni kitu kingine, lakini kitu hicho hakikuwa kimesemwa nyumbani kwetu hata mara moja tangu tuvuke mpaka.

Halafu yakaja matatizo mawili, moja juu ya lingine.

Tatizo la kwanza mnalijua wote. Mwaka 2023 familia za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa makundi matatu kwa chakula cha msaada, na kundi la tatu likaacha kupata. Sisi tuliwekwa kundi la tatu. Kuna vijana wawili wenye nguvu nyumbani, ndivyo ilivyoandikwa. Basi tunalima, tunafanya kibarua, na kile kidogo ambacho mwalimu anapata mwisho wa mwezi kinaingia kwenye sufuria. Mtu akihesabu vijiko vya unga, lazima atafika kwa mbwa.

Tatizo la pili lilitokea usiku. Mtoto wa jirani, mwenye miaka sita, alipita uani kwetu gizani akamkanyaga Tuone mkia. Mbwa aligeuka. Meno mawili yakaingia kwenye mguu wa mtoto, si sana, lakini damu ilitoka. Mama alichukua sabuni na maji, akaosha kile kidonda dakika kumi na tano nzima, mtoto analia na Mama anaosha tu. Kesho yake asubuhi na mapema mtoto alipelekwa kliniki akaanza sindano. Tuone alifungwa chini ya mti wa avoka siku kumi, kwa sababu mbwa mwenye kichaa, akiwa na ugonjwa huo siku aliyouma, hapitishi siku kumi bila kuonyesha dalili au kufa. Tulimtazama kila asubuhi. Alikula, alikunywa maji, alitikisa mkia. Siku kumi zikaisha, yu mzima.

Mama wa yule mtoto hakututukana. Alikuja jioni akakaa kwenye kigoda, akasema: "Papa, siye ni majirani. Lakini nikisikia ile imbwa usiku, sitalala tena." Baba alijibu: "Nimesikia, Mama." Hapo ndipo mambo yalipokatwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mdogo wetu alikuwa amekwenda kuchota maji. Baba alituita sisi wawili nyuma ya nyumba, akaongea anatazama chini. "Kesho mupande nayo. Kuko mzee mumoja mchungaji kule ng'ambo ya mlima, nimeongea naye. Anatafuta imbwa ya kulinda ndama. Musirudi nayo. Na mutoto musimwambie." Tulisema, "Ndiyo, Baba." Mtu asimlaumu. Alikuwa na jirani asiyelala, alikuwa na sufuria ndogo, na alikuwa ametafuta mahali ambapo mbwa hatauawa.

Jumamosi tuliamka saa kumi na moja. Tulichukua kidumu cha maji cha lita tano, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga kwenye karatasi, na kamba. Tulitaka kutoka polepole, lakini mdogo wetu alikuwa tayari mlangoni na viatu vyake vya plastiki. Akasema: "Na mimi naenda." Tukamwambia tunakwenda kutembea tu. Akauliza: "Kutembea ni kwenda kutafuta nini?"

Hilo swali lilitushika. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, na hajawahi kuona mtu mzima anatembea bila kutafuta kitu: maji, kuni, chakula, karatasi, dawa. Tukamjibu: "Ni kwenda na kurudi. Basi." Tulisema hivyo huku tukijua kwamba si wote tutakaorudi. Kama mtoto wa darasa la nne angetudanganya hivyo, tungemsimamisha mbele ya darasa.

Tulipita kijijini mapema. Pale kwenye maduka ya ndugu zetu Wasomali tulimshika Tuone kwa kamba fupi tukapita upande wa pili wa barabara, kwa sababu mate ya mbwa yanawaharibia usafi wa nguo za sala, na si adabu kumsumbua mtu anayetoka kusali. Mzee mwenye duka aliinua mkono akatusalimu kwa mbali. Baada ya hapo ni mahindi, halafu mahindi yanaisha, yanaanza majani marefu, migunga, vichuguu, na njia nyembamba ya ng'ombe inayopanda.

Tulimfungua kamba. Yeye Tuone hakuwa na habari ya kilichopangwa. Alikuwa anatangulia kama hatua ishirini, anasimama, anageuka, anangoja mpaka wa mwisho wetu afike, halafu anatangulia tena. Mdogo wetu akacheka akasema: "Yaya, iko inatuhesabu sawa vile weye unahesabu batoto ku masomo." Kweli ilikuwa hivyo. Mmoja akibaki nyuma kufunga kiatu, mbwa anarudi kumchukua.

Ilipofika saa tatu jua lilikuwa limeanza kuchoma. Wale mnaofuga mbwa mjue jambo hili: mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema na ulimi nje. Akipanda mlima juani anachoka haraka kuliko anavyoonyesha, kwa sababu hataki kuachwa nyuma. Tulikuwa tunasimama kila mara kwenye kivuli na kumpa maji kwenye viganja, kidogo kidogo. Mahali pamoja alianza kuchechemea. Mdogo wetu alikaa chini, akauweka mguu wa mbwa kwenye mapaja yake, akachomoa mwiba wa mgunga kwa pini ya nywele. Mwiba ulikuwa umeingia sana. Mbwa alitetemeka lakini hakufungua mdomo. Sisi wakubwa tulitazamana. Ndiye huyu tunayempeleka kwa kuwa ni mkali.

Tulifika juu kama saa nne na nusu. Ndugu wasomaji, wengi wetu tumeishi miaka mingi chini ya vilima hivi na hatujawahi kusimama juu yake. Nendeni siku moja. Utaliona Ziwa Nakivale lote kwa mara moja, na mafunjo yake pembeni. Utaona mabati ya nyumba zetu yanang'aa kama vipande vya kioo, na shitingi nyeupe za wale waliokuja juzi. Mdogo wetu alitafuta nyumba yetu kwa kidole mpaka akaipata, kwa sababu ya ule mti wa avoka. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe kwetu ni kuzuri."

Akauliza Kongo iko wapi. Tulimwonyesha magharibi. Hakuna kitu kinachoonekana kule isipokuwa vilima na vilima vingine. Mwalimu hawezi kuacha kufundisha, basi tukamweleza: kwetu Rutshuru, asubuhi ya mbingu safi, mtu anaona milima ya volkano ya Virunga. Mikeno ina mita 4,437. Karisimbi ina mita 4,507, na mpaka wa Kongo na Rwanda unapita juu yake. Nyiragongo bado una moto. Ulilipuka mwaka 2002 ukaunguza sehemu kubwa ya mji wa Goma, ukalipuka tena mwaka 2021. Huu tuliosimama juu yake haufiki hata nusu ya Mikeno.

Halafu akauliza: "Na kule mulikuwa munapanda na imbwa?"

Tulikimbilia masomo tena. Tukamwambia kwamba pale Rumangabo walinzi wa Hifadhi ya Virunga wana mbwa maalumu wa kunusa, walianza nao mwaka 2011, mbwa wenye masikio marefu ambao wanaweza kufuata harufu ya jangili porini. Alisikiliza. Akasema: "Sikuuliza imbwa za walinzi."

Kabla hatujapata la kusema, ng'ombe walitokea. Ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu, wamepanda kutoka upande wa pili, na nyuma yao mzee wa Kinyankole na fimbo begani. Tuone alisimama mbele yetu akanguruma kidogo, tukamshika. Mzee alitusalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua za upande wetu. Halafu akasema kwa Kiswahili chake: "Hii ndio ile mbwa baba yenu alisema?"

Mdogo wetu alitugeukia. Hatutasahau macho yale. Hakulia wala hakusema kitu. Alimshika tu mbwa shingoni.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa, akamwangalia Tuone meno na miguu, akasema ni mbwa mzuri, lakini amekwisha kuwa mkubwa. Akatueleza kazi ilivyo. "Mbwa mkubwa hawezi kuzoea mtu mpya siku moja. Nitamfunga wiki mbili, labda tatu. Lakini anajua njia. Siku atakata kamba, atarudi kwenu. Akirudi, nyinyi mumpige mawe. Mumpige kweli, mpaka aone huko si kwake tena. Hivyo ndivyo atakaa hapa."

Basi. Neno lile la mawe lilimaliza safari yetu. Mkubwa alimtazama mdogo wake, naye akamtazama, na tulijua wote wawili tunaona mahali pamoja, usiku mmoja.

Tulikaa kwenye majani tukasema. Tulimwambia mdogo wetu na yule mzee akiwa anasikia, jambo ambalo hatukuwahi kuambiana hata sisi wenyewe.

Mwaka 2008 nyumbani tulikuwa na mbwa, jina lake Simba. Tulipokimbia tulimwacha uani, lakini alitufuata kwa harufu akatupata kwenye mgomba mmoja juu ya kilima, ambako tulikuwa tumejificha na majirani, watu wengi, wazee na watoto wachanga. Milio ya bunduki ilikuwa chini yetu. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Ile imbwa itatuuza." Alisema kweli. Mbwa akibweka mara moja tu, wote tunajulikana tulipo. Baba alimshika Simba akashuka naye kidogo. Sisi wawili tulikuwa tumelazwa kwenye kitenge cha Mama, lakini macho yalikuwa wazi, na mwezi ulikuwepo. Baba alimwambia arudi nyumbani. Simba alikaa chini. Baba akaokota jiwe. La kwanza Simba alilikimbilia, akifikiri ni mchezo. La pili lilianguka karibu naye, akarudi nyuma, akasimama. La tatu lilimpiga. Alilia mara moja, akaenda. Baba alibaki pale amesimama muda mrefu. Kesho yake tulitembea, na siku nyingine tena, tukavuka Bunagana tukaingia Uganda, mpaka tukaletwa hapa. Watu wote wa mgomba ule walivuka wazima.

Hatukumlaumu Baba wakati ule, na hata leo hatumlaumu. Mara nyingine mzazi hukosa njia nzuri ya kuchagua. Lakini usiku ule hatukuwa na pa kwenda, na Jumamosi ile tulikuwa na nyumba, tena inaonekana kutoka pale tulipokaa.

Mdogo wetu akauliza: "Simba alifika nyumbani?" Tukasema hatujui. Akasema: "Huyu atafika."

Mzee mchungaji alikuwa ametulia na fimbo yake. Alisema: "Rudini naye. Mwambieni baba yenu sina neno. Nitatafuta mbwa mtoto, mtoto ndiye anazoea." Kisha akafungua chombo chake cha maziwa akampa mdogo wetu anywe kwanza, halafu sisi. Yale yaliyobaki kwenye kifuniko alimmiminia Tuone. Hatukuwa na kitu cha kumpa isipokuwa karanga. Alizipokea kwa mikono miwili.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, si kwa sababu ya miguu. Kwanza, tulikuwa hatujawahi kumkatalia Baba. Pili, mdogo wetu hakusema nasi mpaka katikati ya mlima. Hapo alisimama akasema: "Munanidanganyaka." Kwa desturi zetu mkubwa haombi msamaha kwa mdogo. Anatafuta namna, ananunua andazi, mambo yanapita. Lakini hatukuwa na andazi. Tukasema: "Ndiyo, tulikudanganya. Utusamehe." Alitazama kando kidogo, kisha akatupa kidumu tumbebee. Tukajua imekwisha.

Baba alikuwa chini, pale mahindi yanapoanza, amekaa juu ya kichuguu. Watu walituambia baadaye kwamba alikuwa pale tangu saa sita. Tuone alimwona kwanza, akasimama, hakusogea, kwa kuwa alizoea kufukuzwa. Baba alisimama. Alituhesabu kwa macho, mmoja, wawili, watatu, halafu mbwa.

"Imerudi," akasema.

Tulikuwa tumepanga maneno mengi njiani. Yote yalitupotea. Tukamwambia tu alivyosema mchungaji, kwamba mbwa atakata kamba, na akirudi tumpige mawe. Baba aliposikia mawe, alikaa tena chini. Akakaa. Kisha akauliza bila kututazama: "Munakumbuka?"

Tukasema: "Tunakumbuka, Baba."

"Nilifikiri mulikuwa mumelala."

Miaka kumi na saba Baba alifikiri tulikuwa tumelala. Na sisi miaka yote hiyo tulifikiri hataki tuseme. Kila mtu alikuwa anambebea mwenzake mzigo ule ule, kila mmoja kwa siri.

Hakusema mengi. Si mtu wa maneno. Alinyoosha mkono chini kidogo akaita: "Tuone." Mbwa alikuja tumbo likigusa ardhi, akamnusa vidole. Baba akasema: "Muipe maji." Akaondoka mbele, sisi nyuma. Baada ya hatua chache Tuone alimpita Baba, akatangulia, akageuka, akatungoja.

Jioni ile ile Baba alikwenda nasi kwa jirani. Ilibidi. Huruma yetu kwa mbwa haiwezi kumkosesha usingizi mtoto wa mwenzetu. Baba alimweleza yule mama yote, hata habari ya Simba. Naye ni mtu wa Masisi, alitembea usiku kama sisi. Alikaa kimya, halafu akatoa masharti yake: mbwa afungwe watoto wanapocheza na usiku pia, uzio uwekwe upande wa njia, na aonyeshwe karatasi ya chanjo. Tulikubali yote matatu. Uzio tumejenga kwa miti na miiba. Chanjo Tuone amepata, karatasi iko nyumbani kwa jirani, ndiye anayeitunza. Mtoto wake alimaliza sindano zake zote, na siku hizi anamrushia Tuone ganda la kiazi kutoka upande wake wa uzio.

Na chakula je? Mlituuliza na hilo. Anakula ukoko wa ugali na maganda, anakula mifupa siku ambayo kuna mifupa, na kila mmoja wetu anaacha tonge moja. Si kitu kikubwa. Asubuhi tunamfunga shambani na kamba ndefu, na msimu huu nyani hawakutumalizia mahindi kama mwaka jana. Baba ndiye aliyelisema hilo, sisi tulinyamaza tu.

Kabla hatujamaliza, tunaomba mshike mambo machache, hasa ninyi wazazi.

Mtoto akiumwa na mbwa, hata kama ni alama ndogo ya jino, muoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano. Musitie chumvi, pilipili wala majani. Mumpeleke kliniki siku ile ile, au mapema sana kesho yake kama ni usiku, na asikose hata sindano moja. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikiwahi, kinazuilika. Mbwa naye achanjwe akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyosema.

Mkitaka kupanda mlima na watoto, nendeni mapema, mchukue maji, mwambieni mtu mnakwenda wapi, na mrudi kabla ya jua kuzama. Mbwa ashikwe kamba mnapoona ng'ombe au mbuzi wa watu.

Na la mwisho. Wengi wetu tumejua mlima kwa namna moja tu, ule ambao mtu anaupanda bila kujua kama atarudi. Watoto waliozaliwa hapa hawaujui huo, lakini wanaona tunavyozunguka vitu fulani ndani ya nyumba bila kusema. Usifikiri walikuwa wamelala. Watafutieni siku moja, mkae nao mahali, muwaambie kidogo kile wanachoweza kubeba. Sisi ilitupasa kupanda mlima na mbwa ndipo tukaambiana. Ninyi labda mtaweza hata jikoni.

Jumamosi ijayo tutapanda tena, na Baba amesema miguu yake ikikubali atakuja. Mkituona tunapita bila jembe wala kamba ya kuni, msiulize tunakwenda kutafuta nini. Tunakwenda na kurudi.

Tunaishia hapa. Mbaki na amani.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la nne, pamoja na wadogo zake